Seni Aliyeitwa Kamwone

Mafinga hatumfukuzi mtu. Ukija kuomba kazi na hapa si kwenu, hakuna atakayekupigia kelele wala kukufungulia mbwa. Utapokewa vizuri, utapewa pole ya safari, utasifiwa mabega, kisha utaulizwa swali moja kwa sauti ya upole kabisa: "Una mtu hapa?" Ukisema huna, mwenzako atatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, atakwambia urudi mvua zikiisha, na wewe utaondoka umejaa heshima lakini tumbo tupu. Ndivyo tulivyo. Sijui tulifundishwa na nani, ila tumefuzu.

Seni hakuwa na mtu. Alishuka kwenye basi la Madibira mwezi wa saba, mwezi ambao hata sisi tuliozaliwa hapa huamka tunaulaani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari na juu ya mabati, malori ya mbao yamewasha taa asubuhi kweupe. Yeye alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari, na shati la mikono mifupi, na begani ametupia shuka jembamba la kuchungia ng'ombe. Wapiga debe wa stendi walimwangalia wakacheka. Mmoja alimwuliza kama ng'ombe wako nyuma wanakuja na basi lingine.

Ng'ombe hawakuwapo. Kwao ni Meatu, mbali huko kaskazini, na ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote, hata yule dume aliyeachiwa na baba yake. Ndipo yeye na mkewe Kwandu walipofunga vitu vyao wakamfuata kaka yake Kwandu, Bujiku, aliyehamia bonde la Usangu zamani na mifugo yake. Bujiku alikuwa ameuona mpunga unalipa kuliko ng'ombe. Alikuwa na mashamba Madibira, pawatila mbili za kulimia, na mchele wake ulifika mpaka Chimala.

Tumtendee haki Bujiku, si mtu mbaya. Alimpokea dada yake na shemeji yake, akawapa nyumba ya uani, akawapa chakula. Ila alikuwa na ugonjwa wa kukumbusha. Kila sahani ikitua mezani, angesema, "Kula, shemeji, kula, hapa hakuna njaa," na Seni angemeza tonge kama anameza jiwe. Mwanaume wa Kisukuma kulishwa na ndugu wa mke wake, na mke huyo mjamzito, ni jambo la kumnyima mtu usingizi. Mwisho Bujiku alimwita pembeni.

"Kwandu abaki hapa," alisema. "Hali yake unaiona. Wewe nenda katafute kazi, kazi ya kudumu, siyo hizi za leo upo kesho haupo. Ukipata, njoo umchukue mkeo. Mtoto akizaliwa hujapata, basi atakulia hapa hapa kwa mjomba wake. Siwezi kukubali mtoto mchanga akalale barabarani."

Seni hakubisha. Angebisha nini? Alimuaga Kwandu nyuma ya nyumba, akamwambia atarudi kumchukua kabla ya mtoto, na Kwandu akamwamini. Kwa hiyo alipokanyaga Mafinga ile asubuhi ya ukungu, hakuwa anatafuta kibarua cha kula tu. Alikuwa anatafuta haki ya kulea mtoto wake mwenyewe.

Sasa, kisa chenyewe kilianzia kwenye geti la kwanza. Alifika kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akamkuta mlinzi amejikunyata kwenye jaketi, na kabla hajafungua mdomo mlinzi akamwambia, "Kamwene."

Kila mtu wa huku anajua kwamba hiyo ni salamu. Mhehe atakupa, Mbena atakupa, asubuhi, mchana na jioni, na wewe unarudisha hivyo hivyo. Lakini Seni alikuwa ametoka Meatu akaangukia kijiji cha Wasukuma watupu, ambako mwenye duka ni wa Maswa, mwinjilisti ni wa Bariadi, na hata kuku wanafukuzwa kwa Kisukuma. Salamu hiyo hakuwahi kuisikia. Alichosikia yeye ni Kiswahili: kamwone. Nenda kamwone.

Akafurahi mno. Hajaomba kazi, tayari anaelekezwa!

"Nikamwone nani, kaka?" aliuliza.

Mlinzi akadhani hakusikika. "Kamwene!"

"Sawa, namwona. Ila simjui. Anaitwa nani?"

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, akaona ile katambuga, akajua huyu amekunywa pombe ya ulanzi tangu alfajiri. Akamwambia apite, asiharibu kazi za watu.

Geti la pili, kamwene. La tatu, kamwene. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi, kamwene. Fundi baiskeli, kamwene. Kufikia saa nne Seni alikuwa na hakika kwamba mji huu una mtu mmoja mkubwa sana, mtu ambaye hakuna kazi inayotoka bila yeye, na kwamba ni mkubwa kiasi kwamba watu wanaogopa kulitaja jina lake. Akaanza kuuliza wapita njia: "Huyu mtu wa kuonwa anakaa wapi?" Mmoja alimwelekeza parokiani. Mwingine, kwa kunong'ona, alimwelekeza kwa mganga mmoja huko Kinyanambo. Parokiani alimkuta mtunza bustani, ambaye alimpokea kwa mikono miwili na kumwambia, "Kamwene."

Mtu mwingine angeketi chini akalia. Seni aliinua shuka lake akaendelea na mageti. Sijamwona mtu mwenye ukaidi wa heshima namna ile. Hakununa, hakutukana, na kila aliyemwambia akamwone alimshukuru.

Mchana ulipofika alikuwa nyuma ya kiwanda kimoja cha barabara ya Changarawe, mahali penye uwazi mkubwa uliojaa mbao zilizopangwa kukaushwa. Wanawake wanane au tisa hivi walikuwa wanapanga, na kiongozi wao, mama wa makamo mwenye kitenge juu ya sweta, akageuka na kumwambia, "Kamwene, mwanangu."

Hapo uvumilivu ukamwishia, ingawa adabu haikuisha. Akavua kofia.

"Mayu," alisema, kwa maana Msukuma akimheshimu mama humwita hivyo, "mayu, tangu asubuhi naambiwa kamwone, kamwone. Mimi sijakataa. Miguu imekufa, lakini sijakataa. Nionyesheni basi huyo mtu nimwone, hata akininyima kazi aninyime mwenyewe."

Mama yule aliitwa Paskalina. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na alipoelewa ilibidi aketi juu ya mbao. Alicheka mpaka kitenge kikamdondoka. Aliwaita wenzake, akamwambia Seni arudie, naye Seni, asijue kinachochekesha, akarudia neno kwa neno, na uwanja mzima ukalipuka. Mlinzi wa pale, Sosthenes, alikuja kuona kuna nini, akaelezwa, akarudi getini akishika mbavu.

"Yesu na Maria," alisema Paskalina akijifuta macho. "Basi mwanangu, umefika. Mtu mwenyewe ndiyo mimi. Umeshaniona. Weka shuka lako hapo, ushike mbao hii upande wa pili."

Baadaye, wakati wa chai, alimweleza maana ya neno lile. Seni aliduwaa, kisha akakumbuka mtunza bustani wa parokiani na yeye mwenyewe akacheka, akacheka zaidi ya wote. Paskalina ameniambia mara nyingi kwamba ni hapo alipompenda. Mtu anayeweza kujicheka akiwa na njaa, anasema, huyo hawezi kukuibia.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Kamwone. Hakuna aliyemwuliza lingine.

Msidhani mambo yalinyooka. Msimamizi wa kiwanda, Dastan, alipomkuta pale hakupendezwa hata kidogo.

"Mama Paskalina, huyu ni Msukuma," alisema mbele ya Seni mwenyewe, kama vile Seni ni gogo. "Hawa wana ng'ombe. Leo anabeba mbao, kesho kundi zima limeingia kwenye miche ya watu."

"Bosi," alijibu Seni, "ningekuwa na ng'ombe, ningekuja huku kugandishwa na baridi yenu?"

Wanawake walicheka, na Dastan akakubali awe kibarua wa siku kwa siku. Kazi ya kudumu, alisema, haipo kwa mtu asiye na mdhamini, mtu wa hapa anayemfahamu yeye na kwao. Kwa hiyo kila asubuhi Seni alisimama getini na wenzake wasio na watu, kila asubuhi bila kujua kama ataitwa. Siku nyingine hakuitwa. Siku hizo alizunguka kwenye viwanda vingine, akapasua kuni za wenye hoteli, akachimba choo cha mtu.

Alijaribu kuingia kwenye kikosi cha wapakiaji, wale wanaume wanaopandisha mbao kwenye malori, maana wao ndio wenye kipato. Hawakumtaka. Wale wametoka vijiji viwili vilivyopakana, wanaoleana, nafasi ikitokea inajazwa na mdogo wa mtu. Walimwambia kwa upole arudi mvua zikiisha. Kazi pekee iliyobaki wazi kwake ilikuwa ile ya Paskalina, kupanga, ambayo wanaume wa hapa huiita kazi ya kina mama. Wapakiaji walipomwona anapanga, walianza kumwita Mama Kamwone. Walimwuliza leo anapika nini.

Nadhani iliuma. Aliwahi kuwa mtu mwenye ng'ombe, mtu anayesalimiwa kwa ukoo wake. Lakini hakuiacha, na hakuifanya kwa kinyongo. Kupanga mbao si kurundika. Mbao mbichi ina maji. Unailaza safu juu ya safu, na kati ya safu na safu unaweka vijiti ili upepo upite. Kijiti cha juu lazima kikae sawasawa juu ya kijiti cha chini, kuanzia chini mpaka kileleni. Kikikaa kando kidogo, mbao inakauka imepinda, na mbao iliyopinda hainunuliwi. Mwanzoni safu za Seni zilipinda, Paskalina akazibomoa bila huruma akamwambia aanze upya. Alibomolewa safu moja mara nyingi kiasi kwamba utomvu wa misonobari ulimganda vidoleni mpaka ikawa hata ugali unanukia mbao. Akajifunza. Alikuwa akiinama na kufumba jicho moja kuangalia vijiti kama vimenyooka, na asipovipenda alibomoa mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Jambo lingine alilojifunza ni kusalimia. Neno lililomwaibisha alilichukua likawa mali yake. Alipita mageti yote yale ya siku ya kwanza, akawaambia walinzi "Kamwene!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, kisha, kwa sababu Msukuma hajui salamu fupi, akasimama kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za mguu unaouma. Sisi tunapenda sana kuulizwa mguu unaouma. Yule mlinzi wa kwanza aliyedhani amelewa alimwomba radhi na kumpa koti kuukuu. Kisa chake kilikuwa kimefika sokoni, kimefika kilabuni, kimefika mpaka kwaya ya Walutheri. Watu walivuka barabara kumwona mtu aliyemtafuta mtu wa kuonwa. Walikuja kucheka, wakabaki kuzungumza, na waliporudi makwao walikuwa wanamjua. Huko Meatu mtu hujulikana kwa baba yake. Mafinga alijulikana kwa kosa lake, na alikuwa na akili ya kuona kwamba kujulikana ni kujulikana.

Mvua za kwanza zilikaribia. Kwandu alikuwa mzito. Siku moja Dastan alisimama uwanjani akatangaza kwamba mwenye kiwanda, anayeishi Mbeya mjini, ameruhusu kuajiri mpanga mbao mmoja wa kudumu. Wanawake walitazamana, wakamtazama Paskalina, naye Paskalina akamtazama Seni.

"Huyu hana mdhamini," alisema Dastan.

"Mimi," alisema Paskalina.

"Wewe ni mmoja. Akiondoka na mali ya kiwanda nitakukamata wewe na sweta lako?"

Basi wale wanawake wakaanza kuinua mikono, mmoja mmoja, na utomvu wao vidoleni. Sosthenes aliinua mkono kule getini bila hata kujua vizuri kinachoulizwa. Na wapakiaji, waliokuwa wamekaa juu ya lori wakila miwa, wakaguna, wakasukumana, na mmoja wao akapaza sauti, "Bosi, mwandike huyo Kamwone, nasi tunamjua." Dastan si mtu wa maneno mengi. Alimwambia Seni kesho aje na buti, kiwanda hakitaki tena kuona katambuga.

Jioni ile Seni alipiga simu Madibira, kwenye simu ya Bujiku, maana Kwandu hakuwa na yake. Alisema amepata, kazi ya kudumu, kiwanda cha mbao, mwisho wa mwezi atakuja kumchukua mkewe. Bujiku akasema, "Vizuri, shemeji." Hakumpa Kwandu simu.

Bujiku ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hanunui gunia bila kulitoboa. Alikuwa na dereva anayepeleka mchele Mafinga kila wiki. Akamwagiza aulizie: Seni, Msukuma wa Meatu, anafanya kazi kwenye viwanda vya mbao barabara ya Changarawe. Dereva hakuwa mvivu. Aliuliza viwanda vitatu, na cha tatu kilikuwa chenyewe kabisa. Alimwuliza Sosthenes, "Mna mtu anaitwa Seni hapa?" Sosthenes alifikiri kwa dhati, akakuna kichwa, akasema Seni hawana, na wala hajamsikia. Umbali wa kutupa jiwe kutoka pale, Seni alikuwa amefumba jicho moja anaangalia vijiti.

Simu ya Bujiku iliingia keshokutwa yake, mbao zikiwa zinashushwa.

"Shemeji, sikukutegemea," alisema. "Njaa si aibu. Kukosa kazi si aibu. Lakini kunidanganya mimi, na kumdanganya mwanamke aliye katika hali ile? Nimetuma mtu. Ameuliza kila mahali. Hakuna Seni huko. Basi mtoto atazaliwa hapa na atakulia hapa. Usije."

Akakata. Seni alipiga tena, simu haikupokelewa. Alipiga mpaka moto wa simu ukaisha. Hakuelewa hata chembe. Alidhani shemeji yake ametunga uongo ili abaki na mtoto, na moyo wake ukajaa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mtu yeyote. Usiku ulipita vibaya. Asubuhi alimwendea Dastan akaomba ruhusa ya kwenda Madibira.

"Leo?" Dastan alionyesha malori mawili ya semi yaliyokuwa yanasubiri. "Mzigo wa Mbeya huu, Kamwone. Mwenye kiwanda anausubiri mwenyewe. Kazi umeipata juzi tu. Ukitoka leo, nafasi naweka mtu mwingine, na wako kumi hapo getini."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyo, na Seni aliijua ile foleni ya getini kuliko Dastan. Alirudi kwenye safu yake. Alipanga mbao moja, akapanga ya pili. Ya tatu aliishika akasimama nayo. Kazi aliitaka kwa ajili ya mke na mtoto. Sasa kazi ilikuwa inamwambia akae hapa awapoteze. Na akienda, atakwenda mtu asiye na kazi, yaani atakuwa vile vile Bujiku alivyosema. Mlango huu umefungwa na ule umefungwa. Alilia, na hakujificha.

Aliiweka mbao chini taratibu, mahali pake, akanyoosha kijiti.

"Mayu," alimwambia Paskalina, "mimi nakwenda."

"Nafasi itachukuliwa, mwanangu."

"Ichukuliwe. Mayu, umenifanyia mema ambayo mama yangu hajanifanyia. Lakini yule mwanamke aliniamini. Siwezi kumwacha aambiwe mimi ni mwongo nami niko hapa napanga mbao."

Paskalina hakumzuia. Alianza kufungua pindo la kitenge chake, atafute nauli, na wakati anafungua, Sosthenes akatokea anakimbia. Sosthenes ana umri wa kustaafu, na hajawahi kuliacha geti tangu aajiriwe. Alifika hana pumzi.

"Kamwone," alisema, "wewe jina lako la kwenu ni nani?"

"Seni."

"Mungu wangu!" Sosthenes alijishika kichwa. "Twende. Twende haraka."

Alichokuwa amekifanya Sosthenes anakisimulia mwenyewe mpaka leo, kwa aibu na kwa fahari pamoja. Mwanamke mjamzito alikuwa ameshuka kutoka basi la asubuhi la Madibira, ana furushi kichwani, na miguu imevimba. Aliulizia Seni kwenye viwanda vyote vya barabara ile. Pale napo Sosthenes alimjibu alivyomjibu dereva: Seni hatuna. Mwanamke hakuondoka. Alisimama tu, anatazama lami kama hajui apande au ashuke. Sosthenes akaona vibaya. Akajiambia kwamba amemjibu ovyo mtu mwenye tumbo la namna ile, tena bila hata kumsalimia, akaamua aanze upya kistaarabu.

"Kamwene, dada," alimwambia.

Mwanamke akamgeukia, machozi yanamtoka. "Nikamwone nani?" alisema. "Nikamwone nani mimi, kama niliyemfuata hamumjui?"

Sosthenes anasema nywele zilimsimama. Katika maisha yake yote alikuwa amesikia habari za mtu mmoja tu duniani anayejibu salamu ile hivyo. Akaliacha geti wazi na kukimbia.

Seni alipofika getini, Kwandu alikuwa ameketi juu ya gogo. Hawakukimbiliana, wao si watu wa hivyo. Seni alisimama mbele yake na buti zake mpya. Kwandu alimtazama uso, akatazama buti, akatazama mikono iliyojaa utomvu.

"Walisema haupo," alisema Kwandu.

"Nipo."

"Dereva aliapa mbele ya kaka. Nikasema, Seni hawezi kunidanganya, nikatoroka alfajiri. Halafu nafika, hata hapa wanasema haupo. Seni, umewafanya nini watu hawa hata wasikujue?"

Ilibidi amweleze, pale pale, mbele ya wanawake wa kupanga na wapakiaji waliokuwa wamejaa getini. Alimweleza kila kitu, na mageti, na mtunza bustani wa parokiani. Kwandu alisikiliza amekunja uso. Seni alipofika kwenye habari ya mganga wa Kinyanambo, mdomo ukaanza kumcheza. Alicheka huku analia, ameshika tumbo kwa mikono miwili, mpaka Paskalina akaogopa kwamba mtoto atazaliwa hapo getini. Dastan alikuja kuuliza geti limeachwa wazi na nani. Alimwona Kwandu, akaelezwa, akatazama semi zake mbili, akakohoa. Alisema Kamwone ampeleke mkewe apumzike kisha arudi, na kwamba wapakiaji waache kusimama kama wako harusini.

Chumba cha Seni kilikuwa cha mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikipasuliwa. Alikipigilia mwenyewe, na nyufa aliziziba kwa maranda na matope. Kitanda alikuwa amekitengeneza, ila dari bado, na njia nzima aliona haya akifikiria nyumba ya matofali ya Bujiku. Alianza kujitetea kabla hawajafika mlangoni. Alitaka apige dari kwanza, alisema. Alitaka aweke na sakafu.

Kwandu aliingia, akatua furushi, akagusa ukuta kwa kiganja. Akaukagua mlango, akaufunga, akaufungua, akaona unafunga. Akaketi kitandani kuona kama kinabeba watu wawili. Kisha akamwomba simu. Yake ilikuwa bado haina moto, Seni akakimbia kwa jirani akaazima, akampigia namba, akaogopa hata kubaki ndani. Alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

Sauti ya Bujiku ilisikika mpaka pale alipo. Alikuwa anafoka, na ndani ya kufoka kwake kulikuwa na hofu ya kweli ya mtu aliyeamka akakuta dada yake hayupo. Yuko wapi? Ana akili kweli? Hata kama kampata huyo mume, watakula nini, watalala wapi? Apande basi la mchana arudi, chumba chake kipo kama alivyokiacha.

Kwandu alimwacha amalize. Aliitoa simu sikioni kidogo, akairudisha.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nimefika salama. Niko kwangu. Siku ukija kututembelea, ukifika getini usiulizie Seni. Seni wanamjua wawili tu hapa, mimi na mtoto wake."